Mkunga aliyevuta kiti akakaa

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Kabla sijapata mtoto, nilikuwa nimeshawaambia akina mama wengi: mnyonyeshe ndani ya saa 1 ya kwanza, umpe maziwa yako pekee kwa miezi 6, kisha uendelee hadi miaka 2 au zaidi. Faida nilizijua. Mtoto hukingwa na kuhara na nimonia, na mama hupunguziwa hatari ya saratani ya matiti na ya ovari.

Siku ya 3 baada ya kujifungua, chuchu zangu zilikuwa zimepasuka na matiti yamejaa, magumu kama jiwe. Mwanangu akifungua mdomo, mimi nauma meno. Muuguzi wa zamu akapita, akaniambia, “Jitahidi dada, maziwa yako ni kinga yake.” Maneno yangu yaleyale. Nililia, nikaanza kufikiria chupa.

Usiku akaja mkunga mtu mzima. Alinawa mikono, akavuta kiti, akakaa. “Mnyonyeshe, nikuangalie.” Akaangalia mpaka mtoto akaachia mwenyewe.

“Mwanangu, anashika chuchu tu. Ndiyo maana unachubuka.”

Alinifundisha kukamua kidogo kwa mkono kwanza, ili sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ilainike. Kisha tumbo la mtoto liguse langu, pua yake ielekee chuchu, nisubiri apanue mdomo kama anayepiga miayo, ndipo nimlete yeye kwenye titi. Kidevu kikazama, mdomo wa chini ukabinuka nje, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimeza. Vidonda vilichukua karibu wiki kupona, lakini yale makali ya kuchanwa yaliisha usiku uleule.

Nikamwambia naogopa maziwa hayatoshi. Akasema titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa, kwa hiyo chupa ingelipunguzia kazi. “Hesabu nepi. Kuanzia siku ya 5, alowanishe 6 au zaidi kwa siku.” Kuhesabu nepi kulinituliza kuliko faida zote nilizozikariri.

Sasa nimerudi kazini. Zamu zinabana, na kukaa na mama mmoja nusu saa si rahisi, lakini nazitafuta hizo dakika, kwa sababu nimeona zinavyookoa miezi ya kunyonyesha. Mama akisema anaumia, simwambii kwamba atazoea. Naomba nimwone mtoto akinyonya.