Saa tatu na nusu ya usiku

Saa 11 alfajiri. Nimesimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara, faili nimelikumbatia. Mteja wangu anashtakiwa kuvunja duka Sinza saa tatu na nusu usiku. Yeye anasema alikuwa kwake Mbagala. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio utolewe taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, na yetu inaanza wiki ijayo.

Saa 2 asubuhi, ofisini. Natandaza rekodi za simu mezani: namba iliyopiga, iliyopigiwa, muda, sekunde, mnara. Maelezo ya mteja yameandikwa "03:30". Nafuata muda huo, hakuna kitu. Narudia tena, simu kimya. Ndipo nashtuka: mtandao unahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu tangu jua linapozama. Saa tatu na nusu yake ni 21:30! Nashuka na rula mstari kwa mstari. 21:34, sekunde 372, mnara wa Mbagala. Mwili unanisisimka. Kijana wa watu angeweza kwenda jela kwa sababu ya kusoma saa vibaya.

Saa 5, Mahakama ya Kisutu. Shauri jingine, limetajwa na kuahirishwa.

Saa 8 mchana, Yombo. Mnara unasema simu ilikuwa wapi, hausemi nani aliishika. Porini mnara wa GSM, mtandao wa simu za mkononi, unaweza kufika hadi kilomita 35. Mjini minara imesongamana, na ukizidiwa mmoja simu hudaka wa jirani. Ila Mbagala si jirani na Sinza; ni vigumu sana simu iliyoko Sinza kudaka mnara wa huko. Hilo silihofii. Ninachohofia ni wakili wa Serikali kusema simu iliachwa nyumbani, na ana haki ya kuuliza. Namba iliyopigiwa ni ya mama wa mteja wangu, ndiye niliyemfuata hapa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Namuuliza usiku ule aliongea na nani.

"Na mwanangu mwenyewe. Mjukuu alikuwa anachemka, baba yake kachanganyikiwa. Nikamwambia amkande na maji ya vuguvugu, asikate simu mpaka mtoto atulie."

Dakika sita na sekunde kumi na mbili.

"Utaweza kuyasema haya mbele ya hakimu?"

"Hata kwa miguu nitakuja."

Saa 11 jioni narudi ofisini kuandika taarifa yetu. Kwenye muda naandika kwa maneno na kwa tarakimu: saa tatu na dakika thelathini na nne usiku, yaani 21:34. Napiga mstari chini yake.