Siku Babu Alipoisikiliza Kesi ya Dax

Babu aliwahi kuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, na mazoea ya kusikiliza pande mbili hayakumtoka hata baada ya kustaafu. Desemba moja, ukoo ulipokusanyika nyumbani kwake Kibosho, Moshi, alikubali kutazama nasi tamthilia ya televisheni ya Star Trek: Deep Space Nine pale tu baba mdogo alipomwambia kwamba sehemu ya jioni ile, ya mwaka 1993, ilikuwa na kesi.

Ilinibidi kwanza nimweleze Watrill. Ni watu wenye madoadoa yanayoteremka kutoka usoni hadi shingoni, na wachache miongoni mwao hubeba tumboni kiumbe mwenye akili, laini kama konokono asiye na gamba, anayeishi karne nyingi. Mwenyeji akifa, kiumbe huhamishiwa mwili mwingine pamoja na kumbukumbu zake zote. Hivyo Dax, aliyekuwa ndani ya mzee Curzon, sasa yumo ndani ya binti aitwaye Jadzia, ambaye kamanda Sisko, rafiki wa Curzon, bado humwita mzee. Babu hakushangaa, kwani mimi nina jina lake, kama ilivyo desturi kwetu Wachaga, naye aliniita wajina tangu utotoni.

Kesi ilimnogea. Jadzia anatakiwa apelekwe sayari ya Klaestron IV kujibu shtaka kwamba Curzon, miaka 30 nyuma, alimsaliti Jenerali Tandro akauawa. Sisko anatetea kwamba Jadzia si Curzon. Mwamuzi ni bibi wa miaka 100 asiye na subira, na shauri linasikilizwa ndani ya baa, jambo ambalo Babu alilipinga kwa sauti.

"Deni la marehemu hurithiwa, jinai hairithiwi," alisema, kisha akanigeukia. "Lakini wajina, huyu binti anayakumbuka yaliyotendeka?"

"Yote, Babu."

"Basi hapa hakuna mrithi. Yupo mwenyewe."

Baba mdogo alibisha kwamba, kama kukumbuka ni hatia, kila shahidi afungwe. Babu akamjibu kwamba shahidi hukumbuka alichokiona, ilhali mtenda hukumbuka alichokikusudia.

Ndipo mjane wa jenerali alipofichua kwamba, ujumbe wa usaliti ulipotumwa, Curzon alikuwa kitandani kwa mjane huyo. Jadzia alikuwa amenyamaza ili kumsitiri. Shtaka likaanguka. Sote tulifurahi isipokuwa Babu, aliyelalamika hadi mtori ukapoa kwamba mwamuzi yule alifunga jalada bila kutamka lolote juu ya swali lililoletwa mbele yake.