Tupa Mfukoni

Mama yule alikuja bandani kwangu Nsambya, hapa Kampala, Jumamosi moja asubuhi, Februari 2014, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne na mwanawe anamfuata nyuma. Tulikuwa majirani. Alikuwa mjane wa askari polisi, mtu wa kambini, kule ambako watoto hukua na Kiswahili hata kama kila nyumba ina lugha yake. Kijana alikuwa amemaliza Senior Four, yaani kidato cha nne, na kupata nafasi kwenye chuo cha ufundi, akasomee useremala. Karatasi ilikuwa orodha ya chuo: vifaa kumi na vitatu, na chini yake onyo kwamba asiye navyo vyote hatapokelewa. Masomo yanaanza Jumatatu.

"Fundi," akaniambia, "nina laki tatu. Ni pesa ya kikundi, nitairudisha kidogo kidogo mpaka Desemba. Twende unichagulie, nisije nikauziwa takataka."

Niliisoma orodha ile nimesimama mlangoni. Randa mbili za kulainishia mbao, ndefu na fupi. Misumeno miwili. Patasi za kuchongea, seti ya sita. Skwea ya kupimia pembe, geji ya kuchorea, nyundo ya chuma na ya mbao, futi, bisibisi, jiliwa mbili za kubania. Nikairudia tena nikitafuta jiwe la kunolea. Halikuwamo. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, kwa sababu zaidi ya theluthi ya orodha ile ni vitu vya kukata, na chombo cha kukata kinakuja na makali ya siku chache tu. Mbao zetu nazo hazina huruma. Mugavu ni mgumu, na mvule huwa na vijiwe vyeupe ndani yake ambavyo huwezi kuviona mpaka kisu cha randa kimeshapiga na kumeguka. Msizi peke yake ndio laini, lakini hakuna anayekuja kuagiza meza ya msizi kwa moyo wote.

Kijana naye alikuwa na lake. Alilisema kwa sauti ndogo tukiwa kwenye teksi: alitaka grainda. Alikuwa amewaona vijana wa barabarani wakifunga kisahani cha msumeno kwenye grainda na kupasulia mbao, wanamaliza kazi kwa dakika chache na wote wanawatazama. Nilimjibu hapo hapo, mbele ya mama yake, nikamwonyesha na mkono wangu wa kushoto. Grainda ile ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Imetengenezwa kwa ajili ya chuma. Ukiifunga meno ya msumeno, kinga yake haifai tena kwa ile kazi, na mbao ikibana kisahani, mashine nzima inaruka kumrudia aliyeishika. Mimi ilinirudia mwaka 2008, nikashonwa nyuzi kumi na moja na kidole cha pili hakikunji vizuri tangu siku hiyo. Mama alinishika ule mkono, akautazama mbele na nyuma, akaurudisha polepole kwenye goti langu. Habari ya grainda ikaishia hapo.

Duka la kwanza Nakasero lilikuwa na kile ambacho kila mzazi hukikimbilia: sanduku la plastiki, ndani yake patasi sita zimelala kila moja kwenye kitanda chake, mishikio myekundu, vyuma vinang'aa kama vijiko vya harusi. Elfu arobaini. Mama akaliweka sanduku kifuani, na nilimwelewa, kwa sababu karatasi ilisema seti ya sita na pale palikuwa na sita.

Mimi hutembea na tupa ndogo mfukoni, kile chuma chenye mikwaruzo cha kukerezea vyuma. Ni kipimo nilichofundishwa na mzee aliyenilea kwenye kazi hii, na sijapata kingine kinachokishinda. Chuma cha patasi kikiwa kimepikwa vizuri, tupa huteleza juu yake na kutoa sauti nyembamba, haishiki. Kikiwa laini, tupa inakula. Nilichukua patasi ya nusu inchi, nikaiegemeza kwenye kaunta na kupitisha tupa mara moja kwenye kona ya nyuma, mahali pasipoharibu makali. Ilikula. Unga wa chuma ukabaki kwenye kidole changu, na kona ikawa na kidonda cheupe.

Mwenye duka alipandisha sauti. "Umekwaruza, umenunua!" Alikuwa na haki yake, sikuomba ruhusa. Nikalipa elfu saba kutoka mfukoni mwangu, si kwenye laki tatu ya mama, nikampa kijana ile patasi na kumwambia hiyo itakuwa ya kufungulia makopo ya rangi. Mama alinyamaza mpaka tulipofika nje. Kisha akaniuliza, "Sasa hivi vyote vinavyong'aa ni vya uongo?"

Si vyote. Duka la pili tulipata patasi zinazouzwa moja moja, hazina sanduku wala urembo, na mwenyewe alikuwa mzee mtulivu aliyeniambia, "Jaribu, ssebo," yaani bwana. Tupa ikateleza. Nikachukua tatu tu: robo inchi, nusu, na robo tatu, elfu kumi na mbili kila moja. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza tatu zinatosha kabisa. Mama akafungua karatasi na kuweka kidole kwenye neno sita. Alikuwa anaogopa mtoto asirudishwe getini mbele ya wenzake, na hofu hiyo haikuwa ndogo kuliko elimu yangu ya vyuma. Nikamuahidi kwamba nitamwandikia mwalimu barua kwa mkono wangu, kwamba zilizobaki zitaletwa muhula wa pili.

Skwea niliijaribu kwenye ubao wa kaunta. Unaibana kwenye ukingo ulionyooka, unachora mstari, unaigeuza upande wa pili na kuchora tena palepale. Mistari ikilala pamoja, skwea ni kweli. Ikipanuka kama mkasi, kosa unaloliona ni mara mbili ya kosa lililopo. Tatu za kwanza zilipanuka. Ya nne ililala.

Randa ilitupeleka soko la Owino. Randa mpya za bei rahisi nilishazichoka: chini haijanyooka, na kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya kisu hakikai barabara, kwa hiyo maranda, yale maganda ya mbao, yanaingia kati na kuziba mdomo. Anayeanza hajui kama kosa ni la randa au la mkono wake, na wengi huamua ni la mkono. Kwenye meza ya vyuma vya mitumba nikaiona randa ya zamani ya kampuni ya Record, ndefu, iliyotengenezwa Uingereza, ina kutu rangi ya udongo wa Mbarara. Mama akarudi nyuma hatua moja. "Fundi, hii imeshazikwa ikafukuliwa."

Niliigeuza, nikapitisha ukucha kuzunguka mdomo wake, kwa maana chuma cha kusubu kikidondoka hupasuka hapo kwanza. Nikaigonga kwa sarafu. Iliitika, haikutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Nikaegemeza rula chini yake na kuinua kuelekea jua: mwanga ulipita uzi mmoja tu, karibu na kisigino. Nikachomoa kisu. Kutu ilikuwa ya juu juu, mgongo karibu na makali haukuwa na mashimo, na kilibaki kirefu, cha kunolewa miaka mingi. Muuzaji alianzia elfu tisini, tukamalizana sitini na tano. Kwa randa fupi hatukununua kitu. Nilimpa kijana yangu, aitumie mpaka apate yake.

Kwenye msumeno nilikosea. Nilimchagulia wa zamani, wa meno yanayoweza kutiwa tupa, na tupa ya pembe tatu juu yake, nikijisifu moyoni kwamba nampa kitu cha maisha. Lakini kunoa msumeno ni kazi ya mtu aliyekwishajua msumeno mkali unavyosikika. Baada ya wiki tatu kijana alikuwa amepunguza meno ya upande mmoja zaidi ya mwingine, na kila alipokata, mstari ulipinda kushoto. Siku hizi anayeanza namwambia anunue ule wenye meno yaliyochomwa yakawa ya bluu, ambao hauingiliki na tupa. Autumie mwaka mzima, ukichoka autupe, na huo wa zamani auanze baadaye.

Jiwe la kunolea lenye pande mbili, la kukwaruza na la kulainisha, lilikula elfu kumi na tano. Mama hakubishana nalo, ingawa halikuwa kwenye karatasi. Alichokitaka yeye, na ambacho sikukifikiria hata kidogo, ni kufuli. "Bweni ni bweni," alisema. Akalinunua kubwa, na usiku ule nikampigia kijana sanduku la mbao la kulifunga.

Zikabaki nyundo ya mbao na geji, na pesa imekwisha. Jumapili jioni tukakaa bandani watu watatu. Geji niliichonga mbele ya kijana: kijiti, kipande cha mbao chenye tundu, kabari, na msumari uliochongwa ncha kwa tupa. Nusu saa. Nyundo nilimwachia mwenyewe, kipande cha mugavu chenye moyo mweusi, nikamchorea tundu la mpini na kuketi pembeni.

Umeme ulikatika saa mbili na nusu. Mama akawasha tochi ya simu, akasimama nyuma ya bega la mwanawe. Kijana alikuwa amefika katikati ya tundu, jasho linadondoka kwenye mbao, na patasi ya nusu inchi ilianza kuponda nyuzi badala ya kuzikata. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie. Akaacha kugonga. Akaitazama ncha kwenye mwanga, akauona ule mstari mweupe wa makali yaliyolala, akavuta jiwe na kudondoshea mafuta. Alinoa polepole, hajui bado kuishika pembe ile ile, anaanza upya kila ikimponyoka. Kisha akaipitisha kwenye vinyweleo vya mkono wake.

"Bado," akasema, akarudi kwenye jiwe. Mama akahamishia simu mkono wa pili.