Nilivyoandika tamthilia ya mpira bila kuomba ruhusa ya ligi

Muswada wangu wa tamthilia ya mpira ulikwama kwa mnunuzi, kabla klabu, ligi au mwanasheria yeyote hajajua kwamba upo. Nalisema hili mapema kwa sababu waandishi wenzangu wakikutana nami huuliza, "Kaka, TFF, shirikisho la mpira, hawakukusumbua?" Hawakunisumbua. Wangenisumbua kwa kitu ambacho hawajakiona?

Hadithi yenyewe inamhusu kipa mkongwe aliyebakiza msimu mmoja miguuni. Klabu haijalipa mishahara, mtoto anadaiwa ada, na mtu wa mikeka ameanza kumpigia simu usiku. Kuna refa anayepokea bahasha, katibu wa klabu anayejua kila kitu na hasemi, na mke wa kipa anayeanza kuona hela nyumbani ambazo hazina maelezo. Niliipeleka kwenye kituo kimoja cha televisheni, nakiacha bila jina. Watu wa vipindi wakaipenda. Kisha ikakaa kimya.

Iliporudi ilikuwa na maoni pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa mtu ambaye sikuwahi kukaa naye meza moja. "Refa asionekane na simu." "Suala la mishahara liwe la zamani, siku hizi mambo yamebadilika." "Ligi isitajwe, au tuombe kibali kwao kwanza." Na pembeni ya onyesho la bahasha palikuwa na alama ya kuuliza tu, kubwa, imerudiwa juu ya yenyewe mpaka karatasi ikakaribia kuchanika. Prodyuza wangu, dada aliyeanza kazi hizi enzi za kanda za VHS, alisoma zote, akanirudishia, akasema: "Mdogo wangu, haya hayajatoka kwa watu wa tamthilia. Haya ni ya chumba cha michezo." Kituo kilikuwa kwenye mazungumzo ya haki za matangazo ya mashindano fulani. Hakuna aliyetoka nje ya jengo kuja kutukataza. Watu wa ndani walijikataza wenyewe, wakiwaza simu ambayo huenda isingepigwa kabisa.

Ndipo nikaanza kusoma habari za Playmakers, tamthilia ya Marekani iliyopigiwa simu ya namna hiyo, na nikasoma sana, maana nilitaka kujua simu hiyo ikipigwa inakuwaje.

ESPN, kituo cha michezo cha Marekani kilicho chini ya Disney, kilianza kuirusha Agosti 2003. Ilikuwa tamthilia yao ya kwanza ya mfululizo. Timu iliitwa Cougars na ligi haikupewa jina, lakini mtazamaji yeyote wa futiboli ya Kimarekani alijua anaangalia nini. Leon Taylor, mkongwe, anampiga mkewe. Demetrius Harris, kijana anayemnyang'anya namba, amenasa kwenye kokeini. Eric Olczyk anaandamwa na kumbukumbu ya mpinzani aliyepooza kwa pigo lake. Thad Guerwitz anaficha kwamba anapenda wanaume. Yote haya yaliwekwa kwenye kituo kile kile ambacho Jumapili usiku kilikuwa kinaonyesha mechi za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, zenyewe.

Kamishna wa NFL wakati huo, Paul Tagliabue, hakwenda mahakamani. Angeshitaki nini? Nembo haikutumika, jina halikutajwa. Alipeleka malalamiko yake kwa Michael Eisner, bosi wa Disney. Vipindi 11 vikaisha, watazamaji walikuwepo, na Februari 2004 ESPN wakatangaza kwamba msimu wa pili hautakuwepo. Mark Shapiro, aliyekuwa akisimamia vipindi pale, hakuzungukazunguka: alisema wao hawafanyi biashara ya kumchokoza mshirika wao. Hakusema tamthilia ni mbaya wala kwamba watu hawaitazami.

Ukitaka kumwelewa, tazama mikataba ya 1998. ESPN ilikubali kulipa dola bilioni 4.8 kwa miaka 8, na ABC, nayo ya Disney, bilioni 4.4 kwa muda huo huo. Playmakers ilipokuwa hewani miaka hiyo 8 ilikuwa inaelekea ukingoni, na kila mtu alijua mazungumzo mapya yako njiani. Msimu wa 2006 ulipoanza, Monday Night Football, mechi za Jumatatu usiku zilizokuwa za ABC, ilikuwa imehamia ESPN kwa takriban dola bilioni 1.1 kwa mwaka. Tamthilia ya vipindi 11 ingesimama wapi mbele ya hesabu hiyo?

Nilipomaliza kusoma hayo niliacha kabisa kufikiria ligi nikaanza kumfikiria mnunuzi. Ligi inaishika tamthilia mahali pamoja tu, kwenye mkataba wa matangazo. Anayelipia mechi ndiye anayeogopa. Angalia Any Given Sunday, filamu ya Oliver Stone ya 1999: NFL ilikataa kushirikiana naye, akabuni ligi yake na timu zake, na filamu ikatoka. Hata Jerry Jones, mmiliki wa Dallas Cowboys, alimruhusu kushuti kwenye uwanja wa timu yake. Mwaka 2015 HBO, kituo cha kulipia cha Marekani, wakaja na Ballers, tamthilia ya wachezaji wa futiboli, wakatumia nembo na jezi halisi za timu bila kuomba, wakasema wazi kwamba kwa kazi ya kubuni sheria haiwalazimishi. HBO haikuwa inanunua mechi za ligi. (Walikuwa na Hard Knocks, kipindi cha kambi za mazoezi wanachotengeneza pamoja na ligi, kwa hiyo hawakuwa watu baki kabisa. Lakini kipindi cha kambi si mkataba wa mabilioni.)

Kuna na njia ya pili, ya kuomba. Nilimsikiliza prodyuza akiitetea, na hoja zake zilikuwa nzuri. Pitch ya kituo cha Fox, mwaka 2016, ilihusu mwanamke wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli. Ligi iliridhia, kwa hiyo Ginny Baker alivaa jezi halisi ya San Diego Padres, akarusha mpira kwenye uwanja wao halisi. Fox ndio wanaoonyesha fainali za besiboli, familia moja. Ted Lasso nayo, tamthilia ya kocha wa klabu ya kubuni ya Uingereza, kufika msimu wa tatu mwaka 2023, ilikuwa na leseni ya Premier League, na kombe likaonekana. Inapendeza machoni, sikatai. Lakini zitazame hadithi zenyewe. Moja ni msichana shujaa anayevunja mwiko, nyingine ni kocha mwenye moyo mzuri. Ligi gani itakataa? Mimi nilikuwa na refa na bahasha. Ruhusa ya namna hiyo nisingepewa, na ningepewa ingekuja na kalamu nyekundu nyingine, ya jengo lingine.

Kwa hiyo nikayapanga yale maoni upya, kwa kujiuliza kila moja linaogopa nini. Yaliyohusu mali ya mtu niliyakubali yote bila ubishi. Jina la ligi likaondoka, mdhamini wa ligi akaondoka, nembo zikaondoka, ile mistari ya matokeo juu ya kioo inayofanana na ya televisheni halisi ikaondoka. Yaliyohusu aibu ya mtu, nikayaweka kando.

Kuondoa majina ni kazi ngumu kuliko mtu anavyodhani, hasa kwetu. Mtazamaji wa Kitanzania ukimwonyesha klabu yoyote yenye nyekundu anakwambia hiyo Simba. Ukiweka kijani na njano, hata ukisema ni timu ya mwezini, ni Yanga. Bluu na nyeupe ni Azam. Mbunifu wetu wa mavazi alikuja na zambarau, akiwa na ushahidi mkononi: Dream Team, tamthilia ya Sky ya Uingereza iliyodumu kuanzia 1997 hadi 2007, iliivalisha timu yake ya kubuni, Harchester United, zambarau. Nikamwambia kwa Waingereza sawa, hapa zambarau ina wenyewe, wako Mbeya, na ukiwafanya wauza mechi watakufuata mpaka lokesheni. Tukaishia kwenye kahawia yenye mikono myeupe. Wachezaji walinuna, mmoja akasema tumefanana na timu ya kiwanda cha ugoro. Nikaona vizuri: klabu isiyolipa mishahara ivae kitu gani?

Jina la klabu lilitutoa jasho zaidi. Kila lililoishia na Stars, Rangers au United tulipolitafuta tulilikuta wilaya fulani, lina timu, lina mwenyekiti. Tukatafuta kwenye majina yaliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, tukauliza na watu wa mchangani, ambao ndio wanaojua timu ambazo hazijasajiliwa popote. Mwisho tukaipa jina la mto ambao haupo. Mikoa hatukuitaja kabisa. Basi la timu linasafiri usiku, asubuhi wanafika, na mtu anashuka akilalamikia baridi au mbu. Mtazamaji apange mwenyewe wako wapi. Kalenda nayo ikaenda. Ukitaja tarehe au raundi ya ngapi, kuna mtu atafungua matokeo ya msimu na kutafuta refa wa siku ile.

Kwenye hadithi nilitoa kitu kimoja kikubwa, ofisi ya ligi. Muswada wa kwanza ulikuwa na kiongozi wa ligi anayefunika faili. Nilimfuta, na sikumfuta kwa woga. Kila nilipomwandika alikuwa anahutubia. Uzito nikauhamishia kwa katibu wa klabu, mtu mwenye ufunguo wa stoo ya mipira, anayejua nani amekopa kwa nani, na ambaye nimewaona wengi wa aina yake maishani. Refa alibaki, na simu yake ikabaki. Prodyuza aliponiuliza nina uhakika, nilimwambia tukimtoa refa tutabaki na tangazo la sabuni.

Halafu tukabadilisha mnunuzi. Tulikipelekea kituo kidogo ambacho hakikuwa na mechi hata za vijana, kwa hela ambayo ilitufanya tukae kimya ndani ya gari wakati wa kurudi. Lakini mkataba ulikuwa na kipengele ambacho prodyuza alikipigania kama dada wa ukoo anayesimamia mahari: muswada hausomwi na mtu wa nje ya idara ya tamthilia kabla haujarushwa, isipokuwa Bodi ya Filamu, ambayo kibali chake ni takwa la sheria. Mkuu wa vipindi alishangaa. "Dada, kwani kuna siri gani humu?" Akamjibu hakuna siri, ila kila anayesoma anaacha alama.

Hela ndogo ilimaanisha hatuna uwanja uliojaa watu. Hilo, ambalo lilinikosesha usingizi, ndilo lililotengeneza tamthilia. Mechi tukazisikia tu. Kamera ilibaki chumba cha kubadilishia nguo, kwenye benchi la akiba, ndani ya basi, jikoni kwa mke wa kipa, na mpira ukatangazwa redioni na mtangazaji tuliyembuni. Onyesho la mechi iliyouzwa tulilishuti hivi: mke yuko jikoni, anachambua mchele, redio iko juu ya kabati. Mtangazaji anapandisha sauti, krosi inaingia, kipa anatoka, anarudi, goli. Mtangazaji anasema, "Sijui kipa alikuwa anawaza nini." Mke anaacha mkono ndani ya ungo. Haangalii redio. Anaangalia ile bahasha ya ada ya shule iliyolipwa jana. Mwigizaji alifanya mara moja tu, mwongozaji akasema inatosha. Ningekuwa na uwanja, jezi halisi na kibali cha mtu, ningeandika onyesho la kipa akiruka upande usio wenyewe, kila mtu angeona, na lisingekuwa na maana hiyo.

Simu kutoka ligi haikuja. Zilikuja za wachezaji wastaafu wawili watatu, kila mmoja akiamini nimemwandika yeye, na katibu mmoja wa klabu ya mkoani aliyetaka kujua nani alinipa habari za ufunguo wa stoo.

Sasa tunazungumzia msimu wa pili na kituo kile kile kidogo, ambacho tangu hapo kimeanza kuonyesha mashindano fulani ya mikoani. Rasimu ya mkataba mpya ilipokuja, kipengele cha prodyuza kilikuwa hakimo, na mahali pake pameandikwa kwamba kituo kinaweza kuomba "ushauri wa wadau wa michezo". Tumewarudishia ikiwa na mstari juu ya maneno hayo. Wao wamependekeza ushauri utolewe lakini usitulazimishe. Prodyuza amekataa, na wiki ijayo tunakaa nao tena.