Vikabichi vya Brussels vilivyokataa kufunga: jinsi nilivyotatua

Kwa misimu miwili, vikabichi vya Brussels, yaani kabichi ndogondogo zinazoota kwenye shina moja refu, katika bustani yangu huku Dagoretti, Nairobi, vilichanuka kama waridi badala ya kufunga vikawa vigumu, ingawa mashina yalirefuka na majani yalipendeza kuliko ya sukuma wiki iliyokuwa kando yake. Niliongeza maji, nikapiga dawa ya vidukari, ambao hata hawakuwa wengi, kisha nikaongeza samadi. Hali haikubadilika, na samadi hiyo, naamini sasa, ilizidisha majani tu.

Msimu wa tatu nilisia mbegu mwezi Machi, ili vikabichi vifunge katika baridi ya Juni hadi Agosti. Miche ilipofikisha wiki sita hivi niliihamishia kwenye tuta ambalo makusudi sikulilima upya, nikiacha sentimita 60 kati ya mmoja na mwingine. Kosa langu la misimu ile miwili lilikuwa kwenye kulima: udongo uliotifuliwa, ambao karoti huupenda, huacha shina la mmea huu mrefu likiyumba na mizizi ikilegea. Safari hii niliushindilia kwa kisigino kuzunguka kila mche, kisha nikavuta jani moja taratibu. Jani likichanika kabla mche haujatikisika, udongo umeshika. Miwili iliyong'oka niliipanda tena na kuikanyagia kwa nguvu zaidi. Mimea ilipofika kiunoni niliifunga kwenye vijiti.

Katikati ya Agosti nilianza kuvuna kutoka chini ya shina, nikipanda juu, na vikabichi vilikuwa vigumu kama makadamia.