Gitaa la Kwanza la Binti Mwenye Mashoto

Mtwara, Jumapili usiku

Gitaa limefika. Lilikuja na basi kutoka Dar likiwa limeviringishwa blanketi na kufungwa kamba za katani, na leo kutwa nzima nyumba haikukalika.

Binti yangu ana miaka minane na ana mashoto. Kuandika, kurusha jiwe kwenye embe, kufagia, vyote kwa kushoto. Ni kwenye chakula tu, na kwenye kupokea kitu cha mkubwa, ndiko bibi yake wa Newala alikoshinda, na hapo niko upande wa bibi. Adabu ni adabu. Shuleni nako wamemwacha aandike anavyoweza. Basi nilidhani suala la mkono limekwisha, hadi alipoanza kudai gitaa.

Alikuwa nalo lake tayari, la kujitengenezea. Dumu la mafuta ya kula la lita tano, ubao ulioponea kwenye kitanda cha zamani, na mshipi wa kuvulia aliopewa na vijana wa Mikindani. Nyuzi tatu, zimefungwa kwa misumari iliyopinda. Nilimwangalia siku moja akicheza uani bila yeye kujua. Ubao kaushika kwa mkono wa kulia, mshipi anaukung'uta kwa wa kushoto. Hakuna aliyemwonyesha. Angekuwa amekopi kwa wapigaji wa kanisani angeshika kinyume, maana wote pale ni wa mkono wa kulia.

Mwalimu wa kwaya, ambaye ndiye tegemeo letu la masomo, alinishauri nimwache ajifunze kama wengine. Hoja zake si za kupuuza. Gitaa zote za kwaya ni za kulia. Siku ya mkesha mtu akimpa la kwake, atalifanyia nini? Halafu, aliniambia, mkono unaobana nyuzi shingoni ndio wenye kazi ngumu ya vidole, kwa hiyo mwenye mashoto anaanza na faida. Kinanda nacho cha kushoto ni nadra mno, na wenye mashoto wanapiga hicho hicho. Kweli tupu. Mark Knopfler, mpiga gitaa mashuhuri wa Uingereza, ana mashoto na anapiga gitaa la kulia, wala huwezi kusema limemshinda.

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Kilichonigeuza ni meza ya jikoni. Nilimwambia binti agonge mdundo wa ngoma kwa mkono mmoja, kisha abadilishe. Kushoto ulikwenda sawasawa, hata alipokuwa anacheka na kusimulia mambo ya shule. Kulia ulichelewa, ukakimbia, ukachelewa tena. Kidole kisichobana vizuri leo kitabana kesho, kwa sababu ni suala la ngozi kukomaa na mazoea. Lakini mapigo yako kwenye mkono unaokung'uta, na mtoto wa miaka minane akikosa mapigo wiki za mwanzo, gitaa litageuka pambo la ukutani. Sijali sana mkesha. Wapigaji wengi wa kushoto hutembea na gitaa zao.

Hapo ikabaki kulipata. Kwa hapa Mtwara usijisumbue. Nilipiga simu Kariakoo. Kijana wa kwanza alicheka. "Bosi, za kushoto haziji, labda nikuagizie." Wa pili alikuwa na moja, la nyuzi za chuma, la ukubwa wa mtu mzima. Wa tatu akanipa ushauri wa bure: "Geuza tu mzee, linalia vilevile."

Huyu wa tatu alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Ukilipindua gitaa la kulia bila kugusa kitu, nyuzi nene zinakuja chini na nyembamba juu. Wapo waliopiga hivyo hivyo. Elizabeth Cotten wa North Carolina, Marekani, alianza utotoni na banjo ya kaka yake, akaishika kinyume, na baadaye akapiga gitaa kwa mtindo huo: vidole vinapiga besi, yaani sauti nzito, kidole gumba kinapiga sauti ya wimbo. Ajabu na nusu, lakini nani hapa Mtwara angemfundisha binti yangu hivyo? Njia ya pili ni kulipindua na kuzihamisha nyuzi, kama alivyofanya Jimi Hendrix kwa gitaa lake la umeme, ili uzi mnene urudi juu. Hiyo ndiyo niliyoitaka. Tatizo ni kwamba si kila gitaa linakubali. La nyuzi za chuma lina kile kipande cheupe pale darajani, nyuzi zinapofungwa kwenye tumbo la gitaa, ambacho kimewekwa mshazari makusudi, ili nyuzi nene ziwe ndefu kidogo kuliko nyembamba na sauti zilingane. Ukihamisha nyuzi, mshazari unakuwa wa kinyume, na kadiri unavyobana kuelekea kwenye tumbo la gitaa ndivyo sauti inavyoharibika. La nyuzi za nailoni mara nyingi kipande hicho kimenyooka. Linageuzika.

Nailoni nilikuwa naitaka hata hivyo. Chuma kinakata vidole vya mtoto, na siku ya tatu anakwambia kichwa kinauma. Kuhusu ukubwa, wazazi wengi tunanunua kubwa kama sare ya shule, atakua nalo. Gitaa halivaliwi. La mtu mzima lina uzi wa milimita 650 kati ya daraja na kichwa. La robo tatu, la kumfaa mtoto, lina kama 580, na sentimita saba hizo ndizo zinazoamua kama kidole cha pete kitafika au mtoto atapinda kiwiko hadi begani. Uso wa gitaa nikachagua wa plaiwudi. Wajuzi watakunja uso, kwa kuwa mbao nzima inalia vizuri zaidi, ila kwa unyevu wa bahari na joto la mabati yetu mbao nzima ina hatari ya kuvimba na kupasuka. Shemeji aliyeko Dar akalinunua, nikamwomba alegeze nyuzi kabla ya kulipakia. Kilomita zaidi ya 500 kwenye buti la basi si mchezo.

Kilichobaki ni kile kipande chembamba chenye vijia sita, pale shingo inapokutana na kichwa. Kila kijia kimechongwa kwa unene wa uzi wake. Uzi mwembamba ukiukalisha kwenye kijia kipana unachezacheza na kulia kama nzi. Mnene kwenye kijia chembamba unakaa juu, haubaniki. Lazima kitengenezwe kipya. Nikampelekea mzee mmoja anayechonga vinyago, sikumpelekea fundi seremala, maana seremala wetu kipimo chake kidogo kabisa ni inchi.

Mzee alikitoa cha zamani kwa kukigonga ubavuni taratibu, na kijiti kati ya nyundo na hicho kipande cha plastiki. Nilikuwa nimechukua mfupa wa ng'ombe buchani, nimeuchemsha, kwa sababu niliambiwa mfupa ndio mzuri. Akauangalia, akauweka pembeni. "Mwanangu, mimi mfupa naujulia wapi?" Akaokota kipande cha mpingo chini ya meza, mabaki ya kinyago. Sikubisha; mpingo huu wa kusini Wazungu wanachongea klarineti na oboe, hautashindwa na kipande cha urefu wa kidole. Alitaka nyuzi zote sita azione. Akawa anachukua mmoja mmoja, anaulaza kwenye kijia, anautoa, anapitisha tupa mara mbili, anaulaza tena. "Huyu mnene anataka kitanda kipana. Huyu mdogo ukimpa nafasi atahangaika usiku kucha." Vumbi jeusi lilimjaa kwenye mikunjo ya vidole. Bei yake elfu kumi, na mfupa akabaki nao, ati wa mbwa.

Nyumbani nilichomoa kile kipande cheupe cha darajani nikakigeuza ncha kwa ncha, kwa kuwa upande wa besi huwa juu kidogo, kisha nikafunga nyuzi. Vile vidoti vya ubavuni mwa shingo sasa vinatazama sakafu, kwa hiyo mama yake ametia vingine upande wa juu kwa rangi ya kucha. Nyekundu. Binti anaona hicho ndicho kitu cha maana kuliko vyote vilivyofanyika.

Nailoni mpya inavutika, kila baada ya nusu saa inabidi kukaza. Amekwishajifunza kukaza mwenyewe kwa kufuatisha programu ya simu, na uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, ameukaza hadi mama yake akatoka chumbani.

Mwalimu wa kwaya alipita baada ya ibada. Alilishika, akajaribu kodi moja, yaani sauti kadhaa kwa mpigo, akashindwa, akacheka. Halafu akavuta kiti akakaa mbele ya binti badala ya kukaa ubavuni, na ikawa kila anachofanya yeye, binti anakiona kama kwenye kioo. Wamekubaliana Jumamosi saa tatu. Nami nimemwagiza shemeji seti ya pili ya nyuzi, maana huo uzi wa kwanza sioni kama utafika Jumamosi.