Siku Moja ya Mthamini wa Bastola za Kale

Ndugu zangu wa Tanga hudhani kwamba nauza silaha. Siuzi chochote. Mimi ni mthamini wa bastola za kale hapa Hartford, Connecticut, mji ambao Samuel Colt alijenga kiwanda chake, na sehemu kubwa ya siku yangu hupita nikisoma nambari kwa lenzi.

Saa mbili na nusu asubuhi nilivaa glavu, nikahakikisha kila bastola iliyo mezani haina baruti. Kufikia saa tano nilikuwa nimemaliza tatu, zote za kawaida.

Ndipo akaingia mzee mmoja na Colt Navy, bastola ya mwaka 1851, ikiwa imefungwa kwa taulo na inang'aa kama sufuria mpya. Alinieleza kwa fahari kwamba ameisugua mwenyewe kwa msasa. Silinda ya bastola hiyo, yaani kile kipande kinachozunguka na kubeba risasi, ilichorwa kiwandani mapigano ya majini kati ya Texas na Mexico ya tarehe 16 Mei 1843, na kiasi cha mchoro kilichosalia ni miongoni mwa mambo tunayoyatazama kwanza. Kwenye bastola ya mzee ilibaki milingoti miwili. Isitoshe, nambari ya silinda haikulingana na ya mtutu, ishara kwamba vipande hivyo havikutoka kwenye bastola moja.

Mzee alishikilia kwamba kitu cha zamani namna hiyo lazima kiwe adimu. Nilimweleza kwamba Hartford ilitengeneza zaidi ya 200,000 za aina hiyo, ilhali Colt Walker ya mwaka 1847 zilitengenezwa takribani 1,100 tu, nyingine zikapasuka silinda mikononi mwa askari, na ndiyo maana moja iliyosalia pamoja na kasha lake iliuzwa mnadani mwaka 2018 kwa dola milioni 1.84. Nilikosea kutaja milioni mbele ya mtu kama huyo, kwa maana hakusikia kingine. Alimpigia mwanawe simu, nikarudia yote kwa mwana, kisha mwana akampa mkewe simu, na chakula changu cha mchana kikapoa.

Baadaye, sikutazama tena saa, nilikagua Navy iliyotengenezwa katika kiwanda cha Colt cha London, ya rangi ya kahawia, haijaguswa, nambari zake zikilingana hadi kwenye kabari, kile kipande kidogo kinachoshikilia mtutu. Kazi ya namna hiyo hunisahaulisha miguu inayouma.

Nilipokuwa nafunga kabati, mzee alipiga simu kuuliza kama fundi anaweza kuchora upya zile meli. Nilimjibu kwamba anaweza, ila nitalazimika kuliandika hilo kwenye hati ya tathmini, na bei itashuka tena.